Juba inajengwa kwa kuni na kupozwa kwa dizeli

Kila mchanganuo wa gharama ninaouandaa hapa Juba una mstari wa matofali ya kuchoma, mstari wa saruji, mstari wa mabati na, kwa wenye uwezo, mstari wa jenereta. Mimi ni mkadiriaji majenzi. Jengo hupita kwenye daftari langu kabla jembe la kwanza halijagusa ardhi. Nimehesabu nyumba za Gudele, za Munuki, za Hai Referendum na za ng'ambo ya mto kule Gumbo Sherikat. Wenye nyumba huniuliza maswali mengi ya bei, na ni haki yao. Kuna mawili hawaniulizi: kuni za kuchomea matofali haya zimekatwa wapi, na dizeli ya kupoza vyumba hivi italipwa na nani kwa miaka ishirini ijayo?

Nayauliza mimi, hapa gazetini, kwa sababu joto limeshatuingilia madarasani. Machi 2024 serikali ya Sudan Kusini ilifunga shule nchi nzima kwa joto lililotazamiwa kufika nyuzi 45. Februari 2025 zikafungwa tena, wiki mbili, na naibu waziri wa elimu wa wakati huo, Martin Tako Moi, akasema wanafunzi wapatao 12 kwa wastani walikuwa wakizimia kila siku hapa Juba. Tulililaumu jua, na jua lina sehemu yake. Lakini madarasa mengi ya nchi hii ni mabati matupu yasiyo na dari wala umeme wa kuzungusha hata feni. Bati lililopigwa na jua tangu asubuhi humwaga joto kichwani mwa kila aliye chini yake, na saa nane mchana mtoto ana nafuu zaidi akiketi chini ya mwembe ulio nje ya darasa kuliko ndani ya darasa lenyewe. Nyumba mpya tunazojenga zinafuata ujenzi huohuo, tofauti ni rangi na vigae.

Kuni na dizeli nilizoziulizia ni hesabu ya kaboni pia. Wanaohesabu kaboni ya majengo huigawa mafungu mawili. Fungu la kwanza ni la vifaa: kaboni iliyotoka wakati tofali linachomwa, saruji inasagwa, nondo zinayeyushwa, lori linasafiri. Hiyo imeshaingia angani kabla hujafungua mlango wa nyumba yako. Fungu la pili ni la matumizi: umeme na mafuta utakayotumia ukiishi humo, kupoza, kuwasha taa, kuvuta maji. Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, UNEP, hukadiria kwamba mafungu hayo mawili kwa pamoja ni zaidi ya theluthi moja ya kaboni dioksidi inayotokana na nishati na viwanda duniani. Kwa Juba mafungu yote mawili yana sura za kwetu kabisa, na la kwanza liko ufukweni mwa mto.

Kiangazi kikishika, shuka hadi mto huo, Bahr el Jebel, iwe upande wa Lologo au wa Gumbo. Utaona vijana na kina mama wakikanda udongo kwa miguu, wakiujaza kwenye kalibu, wakianika matofali juani, kisha wakiyapanga kuwa tanuri refu lenye midomo chini ya kuingizia magogo. Moto huwaka usiku na mchana. Tanuri hilo halina kuta za kuzuia joto wala bomba la moshi, kwa hiyo sehemu kubwa ya nguvu ya kuni hupotea hewani. Matofali ya katikati huungua kupita kiasi na ya pembeni hubaki nusu mabichi. Kwa makadirio ya kawaida ya matanuri ya aina hii, tofali moja hula nusu kilo ya kuni mpaka kilo nzima. Nyumba ya vyumba vitatu yenye matofali elfu kumi inakuwa imeteketeza tani tano mpaka kumi za kuni kabla haijaezekwa. Na kuni hizo ndizo zinazotakiwa na jiko, maana karibu kila nyumba ya jiji hili hupikia mkaa au kuni. Gogo la tanuri na gunia la mkaa vinatoka msitu mmoja, na msitu huo unazidi kusogea mbali kwenye barabara za Yei, Torit na Nimule.

Lipo jambo jingine ambalo huonekana tu kwenye daftari la mkadiriaji. Tofali la kuchoma la hapa halilingani na mwenzake. Moja limepinda, jingine limekatika pembe, la tatu limevimba. Ili ukuta unyooke, mwashi hulazimika kuweka udongo wa saruji mnene katikati ya matofali, kisha kupiga lipu nene ndani na nje kuficha mawimbi. Mteja anadhani ukuta wake ni wa matofali, kumbe sehemu kubwa ya fedha yake imekwenda kwenye saruji ya kurekebisha matofali. Nikitenganisha mistari hiyo miwili na kumwonyesha, wengi hushtuka.

Saruji yetu nyingi hutoka Uganda, kwenye viwanda kama vya Tororo. Hupitia Gulu na Elegu, ikavuka mpaka Nimule, ikamalizia na ile barabara ya lami ya kilomita 192 iliyokamilika mwaka 2012. Watu wakisikia habari za kaboni hufikiria moshi wa lori. Nimeipiga hesabu hiyo. Mfuko wa kilo 50 hubeba kilo 30 hadi 45 za kaboni dioksidi tangu kiwandani, kutegemea kiasi cha klinka, yaani mawe yaliyochomwa ya kutengenezea saruji, kilichomo. Safari nzima ya zaidi ya kilomita 600 huongeza kilo mbili au tatu hivi. Mzigo mkubwa uko ndani ya tanuri la kiwanda, kwenye nyuzi 1,450, ambako mawe ya chokaa yanapochomwa huachia kaboni iliyokuwa imefungwa ndani ya jiwe lenyewe. Hata tanuri hilo likiwashwa kwa umeme wa jua, zaidi ya nusu ya gesi hiyo ingetoka vilevile. Kwa hiyo kuhamishia kiwanda karibu nasi kutapunguza bei, lakini hakutapunguza kaboni kwa kiasi cha maana. Kinachopunguza ni kutumia saruji kidogo, mahali inapohitajika kweli.

Nimekulia katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, kule Turkana, Kenya, na Kiswahili hiki nilikiokota hapo, darasani na sokoni. Nyumba za kambini zilijengwa na wakimbizi wenyewe kwa matofali mabichi ya udongo. Mchana zilikuwa na utulivu ambao hema halina. Lakini niliziona pia zikimong'onyoka mafuriko yalipokuja, na ndiyo sababu siwaambii watu wa Juba warudi kwenye tofali bichi. Mvua yetu ya kuanzia Aprili mpaka Oktoba haina huruma na udongo usioshikizwa.

Ninachowaambia ni tofali la udongo lililogandamizwa kwa mashine na kushikizwa kwa saruji kidogo, lile linalofungamana na mwenzake kwa meno. Teknolojia hii si ngeni katika eneo letu. Dkt. Moses Musaazi, mhandisi wa Chuo Kikuu cha Makerere, aliifanyia kazi miaka mingi mjini Kampala, na mwaka 2009 shirika la UN-Habitat lilichapisha kitabu kuhusu matofali hayo nchini Uganda, yalivyotumika kujenga shule, nyumba na matangi ya maji. Darfur nako, ambako miti ilikuwa imekwisha kuliko kwetu, shirika hilohilo liliwafundisha watu kufyatua tofali lisilohitaji moto. Mashine ya mkono hubebwa na watu wachache, haihitaji umeme wala dizeli. Kinachohitajika ni mikono ya kuvuta wenzo wake, udongo unaofaa, maji, na saruji ya asilimia tano hadi kumi. Mfuko mmoja hutoa matofali mia moja hivi. Hayachomwi. Hufunikwa kwa turubai na kunyunyiziwa maji, yakaachwa yakomae kwa majuma manne.

Lazima niseme wazi: ukuta huo bado una saruji. Ile uliyokuwa unaimwaga kwenye viungo na lipu, sasa umeitia ndani ya tofali, na kwa sababu matofali yanalingana, viungo vinakuwa vyembamba na upande wa nje unaweza kuachwa bila lipu. Upungufu wa saruji unategemea fundi na udongo. Matumizi ya kuni hayategemei chochote: yanafika sifuri.

Na udongo si lazima ununuliwe mbali. Mwekundu wenye changarawe laini, unaopatikana sehemu nyingi zinazozunguka Jebel Kujur, hufanya kazi vizuri. Mweusi, ule unaopasuka kiangazi na kuvimba masika, haufai hata kidogo, na fundi atakayekudanganya kwamba unafaa atakuachia nyufa. Kipimo chake hakihitaji maabara: tia udongo kwenye chupa angavu, ongeza maji, tikisa, uache utulie hadi kesho yake. Mchanga utakuwa chini, udongo laini juu, na utaona kwa macho yako kama mchanga umezidi nusu. Nimewafundisha vijana wa saiti kipimo hiki, nao hukifanya kwa umakini mkubwa.

Sasa fungu la pili, ambalo hapa Juba ni zito kuliko wengi wanavyodhani. Umeme mwingi wa jiji unatoka kwenye mtambo wa megawati 33 unaochoma mafuta, uliowashwa mwaka 2019, na maelfu ya nyumba hazijafikiwa na nyaya zake. Huko jenereta ndiyo mfalme. Kiyoyozi cha chumba kimoja cha kulala, kikiendeshwa kwa jenereta usiku kucha, kinaweza kumaliza lita tatu za dizeli, na kila lita ikiungua hutoa kilo 2.7 hivi za kaboni dioksidi. Kwa mwaka ni zaidi ya tani mbili, chumba kimoja. Mifuko 150 ya saruji, inayotosha nyumba ndogo, ina tani tano au sita. Maana yake kiyoyozi kimoja, katika miaka mitatu tu, kinaipita saruji yote ya nyumba hiyo. Na dizeli yenyewe tunaiagiza kutoka nje, inapanda kutoka bandari ya Mombasa kwa malori, ilhali mafuta ghafi ya visima vyetu yanakwenda kuuzwa kupitia Port Sudan. Nchi inayochimba mafuta inalipia joto la mchana kwa dizeli ya usiku. Hilo linaniuma kama raia kabla halijaniuma kama mtaalamu.

Kiyoyozi hicho kimeitwa na ramani ya nyumba. Juba iko chini ya nyuzi tano kaskazini ya ikweta, kwa hiyo jua hupita karibu utosini, na kuta zinazoumia ni za mashariki asubuhi na za magharibi alasiri. Kuta za kaskazini na kusini zinaweza kukingwa na upenu wa mita moja. Mchoraji anayeelewa hilo huilaza nyumba mashariki–magharibi, akaweka madirisha makubwa kaskazini na kusini, na stoo, choo au ngazi upande wa machweo. Gharama yake ni kugeuza karatasi ya ramani. Lakini kiwanja baada ya kiwanja, nyumba zetu zinageukia barabara, popote barabara ilipo, na vyumba vya kulala vinatazama magharibi na dirisha la kioo la kuteleza ambalo hata likifunguliwa lote huachia nusu tu ya nafasi yake kwa upepo.

Paa ndilo kosa kubwa kuliko yote. Bati moja, chini yake dari ya jipsamu iliyozibwa pembe zote, katikati hewa iliyonaswa inayochemka mpaka usiku wa manane. Iache hewa hiyo itoke. Weka matundu chini ya upenu na mwanya kwenye mgongo wa paa, na joto litapanda lenyewe na kuondoka. Ukiweza, inua bati juu ya dari ili upepo upite katikati. Francis Kéré alifanya hivyo mwaka 2001 kwenye shule ya msingi ya kijiji chake cha Gando, Burkina Faso, kwa kuta za udongo ulioshikizwa na bati lililonyanyuliwa juu ya dari, katika nchi yenye joto kama letu. Mwaka 2022 alitunukiwa tuzo ya Pritzker, kubwa kuliko zote katika usanifu majengo. Karibu zaidi nasi, kule Turkana, alisanifu chuo cha teknolojia cha Startup Lions, kilichokamilika mwaka 2021: kuta za mawe ya hapohapo, na minara mirefu inayovuta hewa ya moto juu kwa mfano wa vichuguu vya mchwa. Nani hapa hajaona kichuguu? Sayansi hiyo imesimama barabarani kutoka Juba hadi Torit tangu tuzaliwe.

Wazee wa Kibari walioezeka nyumba zao kwa nyasi nene na kuzungushia upenu mrefu walijua. Wajenzi wa Mji Mkongwe wa Zanzibar walijua pia, kwa kuta zao pana za mawe ya matumbawe na chokaa na vichochoro vinavyotiliana kivuli. Sidai tuezeke Juba kwa nyasi. Moto mmoja wa sokoni unatosha kueleza kwa nini. Nadai tuyashike yale waliyojua: kivuli kwanza, upepo pili, uzito wa ukuta mahali pake, na mashine mwisho kabisa. Nyumba ikishapoa yenyewe, paneli chache za sola zitatosha feni, taa na friji. Tumekwisha kuona kituo cha sola cha megawati 20 kikijengwa Nesitu, nje kidogo ya jiji. Umeme huo ni wa thamani mno kupotezwa kupigana na bati.

Wapo wanaoniambia: Sudan Kusini imechafua nini, hata tubebeshwe hesabu za kaboni? Nakubali kabisa kwamba deni la hewa ni la nchi zilizochoma makaa kwa karne mbili, na zilipe. Lakini msitu unaoteketea hauko Ulaya. Uko Ekwatoria. Dizeli tunaivuta sisi mapafuni, na bei yake tunaitoa sisi mifukoni. Kila ninachokipendekeza hapa ningekipendekeza hata kama hakuna mtu duniani anayehesabu kaboni.

Kizuizi kigumu zaidi nilichokutana nacho ni heshima. Mteja wangu mmoja, mama mfanyabiashara wa soko la Konyo Konyo, aliyetunza fedha ya nyumba yake kwa miaka akiwa ukimbizini Uganda, alinisikiliza mpaka mwisho kisha akasema, "Mwanangu, nimeishi kwenye udongo maisha yangu yote. Watu watasema nimerudi Juba kujenga udongo tena." Sikuwa na takwimu ya kumjibu. Nilimwambia, "Mama, nikupeleke ukaguse," tukaenda kwenye ukuta uliokwisha kujengwa, akaugonga kwa kifundo cha kidole, akaukwaruza kwa ufunguo. Akaamua vyumba vya kupangisha vya nyuma vijengwe hivyo, nyumba kubwa ibaki ya matofali ya kuchoma. Wapangaji wa vyumba vile hawalalamikii joto kama yeye. Ninamwamini mama yule kuliko ripoti yoyote: mtu aliyepoteza nyumba kwa vita ana haki ya kutaka nyumba inayoonekana imara, na ni kazi yetu wataalamu kumpa uimara huo bila kumchomea msitu.

Ugumu wa pili ni wa wapangishaji. Anayejenga vyumba kumi vya kupangisha Gudele halipii dizeli. Mpangaji ndiye anayelipa, au analala nje uani kwa joto. Soko halitamrekebisha mtu huyu. Halmashauri ya jiji inaweza, kwa masharti machache ya kibali: matundu ya paa, upenu, madirisha ya pande mbili kwa kila chumba, marufuku ya bati tupu lisilo na dari juu ya chumba cha kulala. Mkaguzi mwenye ngazi na macho anatosha kuyasimamia.

Na wale wa ufukweni? Wafyatuaji ni watu wanaotafuta ada ya shule kwa mgongo wao, na sitaunga mkono amri yoyote ya kuwafukuza kwa jina la mazingira. Ustadi wao wa udongo ndio mtaji wa mpango huu wote. Wapewe mashine kwa mkopo wa vikundi, na wapewe mnunuzi wa uhakika.

Mnunuzi huyo yupo. Serikali, mashirika ya Umoja wa Mataifa, makanisa, benki na mashirika ya misaada ndio wanaojenga kwa wingi katika jiji hili: ofisi, shule, zahanati, nyumba za watumishi. Wengi wao wana sera nzuri za tabianchi kwenye makabati. Zabuni zao, nyingi ambazo zimepita mikononi mwangu, bado zinaandika "matofali ya kuchoma yenye ubora" na kuendelea na ukurasa unaofuata. Badilisheni mstari huo. Andikeni tofali la udongo lililogandamizwa, lenye nguvu iliyopimwa. Mwombeni mkandarasi aeleze misaji ya kenchi imetoka wapi, kwa sababu mashamba ya Loka na Kagelu upande wa Yei, yaliyopandwa enzi za Waingereza, yamekuwa yakikatwa na magogo yake kuvushwa mpaka, wakati mti uliovunwa kwa utaratibu na kupandwa upya ungekaa juu ya paa zetu miaka hamsini ukiwa umeshika kaboni yake.

Zabuni za ujenzi wa kiangazi huandikwa wakati mvua bado inanyesha. Kufikia Novemba maji yatakuwa yamepungua ufukweni, na yeyote mwenye oda ya matofali ya kuchoma ataanza kutafuta kuni. Oda ya tofali lisilochomwa inatakiwa iwe mezani kwa mfyatuaji kabla ya hapo, pamoja na malipo ya awali ya kununulia saruji na turubai.